Oili ya Giaboksi: Jina Moja, Vitu Viwili

Mtu anunuaye pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika, tuseme ya kubebea dagaa kutoka mialo ya Musoma, huambiwa kwamba oili ya giaboksi imebadilishwa. Oili ipi? Katika giaboksi ya mkono, oili ni nzito, na kazi yake ni kulainisha meno ya gia. Katika giaboksi ya otomatiki haipo klachi ya kukanyagwa. Oili yenyewe ndiyo ipokeayo nguvu ya injini, na shinikizo lake hubadilisha gia. Hiyo ni nyepesi, aghalabu nyekundu. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, mnunuzi na aogope. Akitiliwa ile nzito, giaboksi nzima itaharibika. Twapendekeza ya pili iitwe «oili ya otomatiki».