Historia Iliyolala Chini ya Mashamba: Miinuko ya Thika na Ruiru

Akiolojia jamii ni utafiti wa mabaki ya kale ambao wenyeji hushiriki tangu kuuliza swali la kwanza hadi kuamua matokeo yatumiweje. Katika miinuko iliyo juu ya Thika na Ruiru, ambako mito inayoshuka kutoka Nyandarua imeipasua nchi kuwa migongo mirefu, njia hiyo haiepukiki, kwa kuwa karibu kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na ushahidi umelala chini ya chai, kahawa na migomba yake.

Jembe la mkulima huweza kuibua kigae cha chungu au mavi ya chuma, yaani masalia mazito yanayobaki baada ya madini kuyeyushwa. Vitu vya namna hiyo si vya juzi: uchimbaji wa mwanaakiolojia Ari Siiriäinen huko Gatung'ang'a, Nyeri, uliochapishwa mwaka 1971, ulithibitisha kwamba wafinyanzi na watumiaji wa chuma waliishi katika nyanda hizi za juu zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Hata hivyo, tabaka linalohitaji wenyeji kuliko yote ni la karibuni. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, ikawaweka katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, huku mpango wa kilimo wa Swynnerton ukiunganisha vishamba vilivyotawanyika na kufuta mipaka ya mbari, yaani koo zenye ardhi, iliyotambuliwa kwa maua ya matoka. Picha ya angani huweza kuonyesha alama ya handaki lililofukiwa, lakini haisemi kwamba wanawake ndio waliolazimishwa kulichimba. Hilo husemwa na aliyekuwapo. Mtafiti hupima, huchimba shimo dogo la majaribio, kisha hulinganisha udongo na simulizi, na pale viwili hivyo vinapopingana ndipo penye swali lenye thamani zaidi. Huko Marakwet wanakijiji wameshirikiana na watafiti kuchora ramani za mifereji yao ya kale, na hakuna sababu ya Gatundu au Gatanga, katika miinuko hii ya Thika na Ruiru, kusubiri.

Muda ni mfupi, maana waliohamishwa wakiwa watoto sasa wamepita miaka 70, na mashamba yanakatwa viwanja vya nyumba. Anayeibua kitu cha kale asikiuze wala asikisafishe, bali aandike kilipopatikana na kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, kama inavyotaka sheria ya urithi ya mwaka 2006.