Anza na Mkono, Uso Usubiri

Kijipakiti cha krimu ya uso unachopewa dukani kama nyongeza mara nyingi kina mililita moja au mbili. Madaktari wa ngozi wana kipimo chao: dawa ikikamuliwa kutoka kwenye tyubu ikafunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima, hiyo ni takriban nusu gramu. Uso na shingo huhitaji pingili mbili na nusu, yaani gramu moja na robo kwa mpako mmoja. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1991 na Long na Finlay wa Uingereza kwa ajili ya wagonjwa, na krimu ya urembo wengi wetu hupaka pungufu ya hapo. Hata hivyo, ukibana namna gani, mililita mbili usoni ni siku tatu, nne ukijitahidi. Sanskrini ndiyo haifiki popote. Nguvu inayoandikwa kwenye chupa yake hupimwa maabara kwa miligramu mbili kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, kwa hiyo kijipakiti cha mililita moja kikitumika inavyotakiwa kinaisha asubuhi ya kwanza.

Kwenye kaunta ya famasia ninapofanya kazi, hukumu hutolewa kabla hata kijipakiti hakijaisha. "Dokta, hii imenikubali, niletee kopo kubwa." Au: "Ile ya juzi ilinikataa kabisa, uso uliwaka moto." Hukumu zote mbili ni za siku mbili tatu, na moja tu kati yake ina uzito. Krimu iliyokukataa siku ya pili imekuambia jambo la kweli. Iliyokukubali siku ya pili haijakuambia lolote bado.

Sababu ni mwendo wa ngozi yenyewe. Chembe zinazozaliwa chini ya tabaka la juu hupanda polepole mpaka zikaambuka, na safari hiyo kwa kijana huchukua takriban wiki nne. Umri ukisogea, inarefuka. Kitu kinachodai kufifisha madoa au kulainisha ngozi ya chunusi kinahitaji mizunguko kadhaa ya safari hiyo. Retinoli na ndugu zake huhukumiwa baada ya wiki kumi na mbili hivi, na wiki za mwanzo ngozi inaweza hata kuchakaa kidogo kabla ya kutengemaa. Kinachoonekana kwenye kioo siku ya pili ni maji na mafuta: gliserini imevuta unyevu, silikoni imejaza mabonde madogo ya ngozi, uso unang'aa. Ni raha, wala si utapeli, lakini ukinawa vizuri sehemu kubwa ya uzuri huo inakwenda na maji.

Kwa hiyo sampuli usiiulize kama inafanya kazi. Iulize kama itakudhuru. Na kwa swali hilo, mahali pa kuuliza ni mkononi.

Mtindo wa kujaribu kitu kwenye kipande kidogo cha ngozi una historia ndefu kuliko vijipakiti. Mwaka 1895 daktari Josef Jadassohn, aliyekuwa akifanya kazi Breslau, alikuwa na mgonjwa aliyetokwa na vipele baada ya kutibiwa kwa zebaki. Akaipaka zebaki hiyo kwenye eneo dogo la ngozi ya mgonjwa huyo, akasubiri, na vipele vikatoka palepale alipopaka. Kliniki za mzio mpaka leo zinafuata wazo hilo: vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa saa 48, vikabanduliwa, kisha ngozi ikasomwa siku hiyo na tena siku mbili baadaye. Huo usomaji wa pili una maana yake. Mzio wa ngozi hauna haraka. Askari wa mwili wanaohusika ni wale wanaokusanyika kwa siku moja hadi tatu, ndiyo maana mtu anapaka losheni Ijumaa, anaanza kujikuna Jumapili, halafu analaumu samaki aliyekula Jumamosi.

Tena mara ya kwanza kabisa mwili unapokutana na kitu usichokipenda, unaweza usionyeshe chochote. Unajifunza kimyakimya, huchukua kama wiki mbili, na mara inayofuata ndipo unapolipuka. Hapa ndipo watu hushangaa: "Lakini nimeitumia mwezi mzima!" Naam, na mwezi huo ndio mwili ulikuwa ukijifunza.

Kuchoma ni habari nyingine. Asidi kali, sabuni kali au retinoli iliyozidi huunguza ngozi ya yeyote, haichagui. Muwasho wake huanza mapema, ndani ya dakika au saa chache, huuma kuliko kuwasha, na hubaki pale ulipopaka. Mzio huwasha zaidi, huchelewa, na unaweza kuvuka mipaka ya ulipopaka. Aliyechomwa anaweza kupunguza kiasi au kupaka siku moja moja akaendelea. Mwenye mzio hana cha kupunguza. Anaachana na kitu hicho maisha yake yote.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Chagua eneo la kama sentimita tano kwa tano upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kunjo la kiwiko. Paka asubuhi na jioni, palepale, kwa siku saba. Ukiwa na ngozi inayosumbua, endelea hadi siku kumi na nne. Usibadilishe kitu kingine katika muda huo, na usijaribu vijipakiti viwili mkono mmoja. Eneo hilo kwa mpako wa miligramu mbili kwa kila sentimita ya mraba linakula miligramu 50 kwa mara moja, na mipako kumi na minne haifiki gramu moja. Kumbe kijipakiti kilekile kisichovuka siku nne usoni kinatosha mkono kwa wiki nzima na chenji inabaki.

Chenji hiyo ipeleke pembeni ya taya, chini ya sikio, usiku kadhaa, kwa sababu ngozi ya mkono ni ngumu kuliko ya uso, na kope ni nyembamba kuliko zote. Vitu vya kunawa na kusuuza, kama sabuni na skrabu, usiviache vikae mkononi: vitakuunguza bure. Ukishafungua kijipakiti, kunja mdomo, kibane, kiweke mahali pa baridi, siyo kwenye pochi inayokaa garini juani. Seramu ya vitamini C ikigeuka rangi ya chai, itupe tu.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kuanzia mkononi. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi ya maji ya kunde wekundu unaweza kuonekana, lakini kwenye nyeusi zaidi unajificha: eneo linakuwa na weusi uliokolea, au zambarau, au kijivu. Afadhali utumie vidole na hisia. Je, pana joto? Panakwaruza kama chapati iliyokauka? Panawasha unapolala? Pita na tochi ya simu kwa ubavu, uvimbe mdogo utaonyesha kivuli. Na kikubwa zaidi, ngozi yetu ikishaungua au kuwashwa huacha alama nyeusi inayoweza kukaa miezi. Alama hiyo ikiwa kwenye kiwiko, nguo ya mikono inaifunika. Ikiwa shavuni, ndiyo inayompeleka mtu kununua krimu ya kuondoa madoa, na hapo ndipo biashara nyingine inapoanza.

Biashara hiyo ina sampuli zake pia, ila haziji kwenye vijipakiti vya kiwanda. Zinakuja kwenye vikopo vidogo vya plastiki, vya kupima, bila jina, au na jina lililoandikwa kwa kalamu. Mkorogo. Muuzaji atakupa kidogo, "jaribu kwanza, dada yangu, utarudi mwenyewe", na kweli utarudi, kwa sababu siku ya tatu uso umetulia, vipele vimelala, rangi imefunguka. Hii ndiyo sampuli ya kuogopa kuliko iliyokuwasha. Vitu vichache sana hufanya hivyo kwa siku tatu, na vinavyojulikana zaidi ni steroidi kali kama clobetasol. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe. Tangu mwaka 1962 watafiti hupanga nguvu za dawa hizi kwa kuangalia zinavyoipausha ngozi ndani ya saa chache. Ni dawa nzuri sana kwa ugonjwa wake, ikiandikwa na daktari kwa siku zinazohesabika. Usoni kwa miezi, huleta ngozi nyembamba, michirizi, vinyweleo, mishipa inayoonekana, chunusi za aina yake. Ukiacha, uso unawaka, unarudi kupaka ili utulie. Muuzaji alisema kweli kwamba ungerudi.

Zebaki nayo imo. Huzuia ngozi kutengeneza rangi, na inapenya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika British Medical Journal kuhusu watu wazima waliougua figo, mwili ukavimba kwa kupoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, ulikataza vipodozi vyenye zebaki iliyozidi sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama wakakubaliana kufuta hata nafasi hiyo ifikapo 2025. Kwenye lebo zebaki huandikwa mercury, mercuric, mercurous chloride au calomel. Mara nyingine haiandikwi, lakini maelezo yanakuonya usiiguse kwa dhahabu, fedha, alumini au mpira. Krimu ya uso inayogombana na pete yako ya ndoa ina kitu. Na hidrokwinoni, ambayo Ulaya iliiondoa kwenye krimu za vipodozi tangu 2001, ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na weusi wa bluu usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini walilieleza tatizo hilo mwaka 1975.

Jaribio la mkononi halikamati madhara haya hata moja. Steroidi haitakuwasha, itauzima muwasho. Kinachokulinda hapo ni lebo: viambato, namba ya toleo, tarehe, jina la mtengenezaji. Kijipakiti halali kinaweza kukosa nafasi ya viambato, ndiyo maana cha Ulaya huwa na kijialama cha mkono unaoonyesha kitabu, kwamba orodha iko kwenye karatasi au boksi. Muombe muuzaji akuonyeshe. Kwa Tanzania, tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Krimu iliyohamishwa kutoka kopo kubwa kwenda kikopo cha kupima imepoteza vyote hivyo, hata kama ilianza ikiwa halali, na imepata vidole vya watu kadhaa njiani. Krimu yenye maji ina vihifadhi vya kiasi kilichopimwa, havikupangiwa kijiko cha sokoni. Testa ya lipstiki iliyo wazi dukani ipake mgongo wa mkono, mdomoni hapana; malengelenge ya mdomo yanasafiri kirahisi.

Nimalizie na piko, ile rangi nyeusi ya kuchora mwili, kwa sababu msimu wa harusi na sikukuu ndio unaoniletea wagonjwa. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuelekea kahawia kwa siku moja au mbili, na lazima ukae nayo saa kadhaa. Kinachotoa weusi wa wino chini ya saa moja kimetiwa rangi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD, ambayo hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi, Ulaya wala Marekani. Watoto hupambwa piko Idi hii, mwili unajifunza, Idi ijayo mchoro mzima unainuka malengelenge. Mzio huo haufutiki. Miaka ishirini baadaye mtu huyo anapaka rangi nywele saluni, uso unavimba macho yasifunguke. Maelezo ya rangi ya nywele husema ujaribu nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko saa 48 kabla. Fanya hivyo, isipokuwa kama piko liliwahi kukuvimbisha: wewe usijaribu hata tone, mwambie msusi, na mwambie daktari.

Ukipata vipele, acha kila kitu unachopaka, osha kwa maji matupu, na usikimbilie krimu ya jirani. Macho au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo. Njoo na kijipakiti hata kama ni kitupu, na kama kimeshatupwa, picha ya nyuma yake. Baadhi ya hospitali za wilaya zina watumishi wa ngozi waliosomea hospitali ya KCMC, Moshi, na jambo la kwanza watakalouliza ni ulipaka nini.