Punje ya Musonoi katika kabati la pili

Mchimbaji mdogo anayefika Dodoma na jiwe lililofungwa kwenye leso huwa na swali moja tu: hii ni dhahabu au siyo? Mara nyingi siyo. Ni pairaiti, madini ya chuma na salfa, na kuyatambua hakuhitaji maabara. Kisu hakiyachubui. Ukiyagonga kwa nyundo yanapasuka badala ya kubonyea. Ukiyasugua nyuma ya kigae, upande ule usiong'aa, yanaacha unga mweusi wenye ukijani kwa mbali, ilhali dhahabu ingeacha mstari wa njano. Mwenye jiwe huondoka amenuna, na mtaalamu huhesabu kuwa kazi imekwisha.

Mimi nasema haijaisha. Ndani ya pairaiti ileile huweza kukaa punje za madini mengine, nazo zina mng'ao wa kimetali vilevile, ila ni ndogo mno kwa jicho na kigae hakiwezi kuzibainisha. Miongoni mwake zimo selenaidi, yaani metali iliyoungana na seleni mahali ambapo kwa kawaida ungekuta salfa. Selenaidi ninayotaka kuieleza leo haikutoka uwanda wetu wa kati. Ilitoka mgodi wa Musonoi, Kolwezi, kule Katanga ambako nao wanaongea Kiswahili, na iliandikwa rasmi mwaka 1970. Inaitwa osterboskaiti, kwa heshima ya Oosterbosch, mhandisi Mbelgiji wa migodi. Ni muungano wa paladi na shaba kwa upande mmoja na seleni kwa upande wa pili: atomu saba za metali kwa kila atomu tano za seleni. Hesabu hiyo ya saba kwa tano tutairudia.

Kwanza seleni yenyewe. Iligunduliwa mwaka 1817 na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, katika masalia ya kiwanda cha asidi ya salfa. Kwa kuwa elementi inayofanana nayo, teluri, ilikuwa imekwisha kupewa jina la dunia kwa Kilatini, hii akaipa jina la mwezi kwa Kigiriki. Salfa, seleni na teluri ni ndugu wa safu moja katika jedwali la elementi, na seleni ndiye wa kati: mzito kuliko salfa kwa zaidi ya mara mbili, na mnene kidogo kwa umbo. Unene huo mdogo ndio chanzo cha matatizo yetu yote, maana seleni inaenea vizuri kabisa kwenye nafasi ya salfa. Galena, madini ya risasi na salfa, ina ndugu aitwaye klausthalaiti, madini ya risasi na seleni. Mpangilio wa atomu zao ni uleule, rangi ya kijivu ni ileile, na zinaweza kuchanganyika kwa kiwango chochote. Tofauti utaipata kwenye mizani: galena ni nzito kuliko maji mara saba na nusu hivi, klausthalaiti mara nane na zaidi.

Sasa fikiria uchache wake. Kwenye tabaka la juu la dunia, kwa kila atomu ya seleni kuna maelfu ya atomu za salfa. Seleni ni kama mgeni mmoja kwenye harusi ya ukoo mkubwa. Hana meza yake, hukaa penye kiti kilicho wazi katikati ya wenyeji, na ukipita haraka hutamwona. Ndiyo maana seleni nyingi duniani haipatikani kwa kuchimba madini ya seleni. Hukusanywa kutoka kwenye tope linalobaki shaba inaposafishwa kwa umeme.

Ili seleni ipate meza yake, wenyeji sharti waondoke kwanza. Nao huondoka maji yenye oksijeni ya kutosha yanapopita kwenye mwamba. Salfa hushikana na oksijeni upesi, ikawa salfeti, ikachukuliwa na maji. Seleni ni nzito kukubali mabadiliko hayo. Hubaki, na kama metali iko karibu, wanaungana. Katika milima ya Harz nchini Ujerumani, ambako selenaidi nyingi zilitambuliwa mwanzoni, punje zake hukutwa pamoja na hematiti, ile oksaidi ya chuma yenye wekundu, na wekundu huo ni ushahidi kwamba oksijeni ilipita pale. Musonoi kuna shaba na kobalti kwa wingi, kuna urani, na kuna paladi kidogo. Seleni ikakuta wachumba wa kila aina.

Wachumba hao ndio wanaotupeleka kwenye uainishaji. Mfumo unaotumiwa sana, ulioanzishwa na Mjerumani Karl Hugo Strunz, hauangalii rangi wala thamani ya jiwe. Huuliza metali imeungana na nini. Kabati la kwanza ni la elementi zilizo peke yake, kama dhahabu na almasi. La pili ni la salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa, pamoja na selenaidi, telaraidi na arsenaidi. Pairaiti imo humo, galena imo, na osterboskaiti imo. Ndani ya kabati hilo droo hupangwa kwa uwiano: metali imezidi, au metali na mwenzake wako sawa, au metali imepungua. Saba kwa tano maana yake metali imezidi, kwa hiyo osterboskaiti hulala kwenye droo ya juu.

Mgodi huohuo wa Musonoi ulitoa selenaidi nyingine ya paladi, verbekaiti, iliyoandikwa rasmi mwaka 2002 na kupewa jina la Théodore Verbeek, Mbelgiji aliyekuwa ameyachunguza madini ya paladi na seleni ya mgodi huo. Yeye kwa kila atomu moja ya paladi ana atomu mbili za seleni. Metali imepungua, kwa hiyo anashuka hadi droo ya pairaiti na wenzake. Mgodi mmoja, paladi na seleni zilezile, droo mbali kabisa.

Na uwiano nao hautoshi. Ukichanganya paladi na seleni mbili maabara katika hali ya kawaida, unapata fuwele zenye pande zinazokutana kwa pembe mraba. Verbekaiti ina viungo vilevile kwa kipimo kilekile, lakini fuwele yake imeinama upande mmoja. Kemia inasema ni kitu kimoja, mpangilio wa atomu unasema ni viwili, na kwenye elimu ya madini mpangilio ndio wenye neno la mwisho. Unga, maji na chumvi hutoa chapati na hutoa ugali wa ngano; hakuna mpishi atakayekubali kuwa ni chakula kimoja.

Punje hizi hazifiki milimita moja, kwa hiyo mambo ya nyundo na kigae hayana nafasi. Jiwe hukatwa, huzamishwa kwenye gundi ngumu, husuguliwa hadi liwe kama kioo, kisha huwekwa chini ya hadubini inayomulika kutoka juu, kwa kuwa madini ya kimetali hayapitishi mwanga hata yakikatwa membamba. Kinachotazamwa ni mwanga unaorudi: mwingi au kidogo, mweupe au wenye rangi ya krimu, na kama unabadilika jiwe linapozungushwa. Baadaye miale ya elektroni hupiga punje ili kuhesabu elementi zake, na eksirei husoma mpangilio wa atomu. Wazee wa fani walikuwa na njia fupi zaidi ya kugundua seleni. Walichoma unga wa jiwe wakanusa, na kama lilinuka figili iliyooza, seleni imo. Usijaribu nyumbani, moshi huo ni sumu.

Hapa kuna mtego wa maneno ambao hunasa hata wanafunzi wa jiolojia. Maji ya mvua yakizishambulia selenaidi karibu na uso wa ardhi, seleni hatimaye hukubali oksijeni na kuzaa selenaiti. Musonoi selenaiti hizo zimeungana na urani na kutoa fuwele za kijani na za njano zinazotafutwa na makumbusho ya dunia nzima. Hazikai tena kabati la pili. Zimehamia la nne, pamoja na oksaidi. Halafu lipo jasi, lile linalochimbwa Itigi na kupelekwa viwanda vya saruji. Likiwa fuwele angavu nalo huitwa selenaiti, kwa sababu mng'ao wake ulimkumbusha mtu mwezi. Ndani yake hamna seleni hata chembe.

Nitalisema na la majina, kwa kuwa linanikera. Zile selenaiti nne za urani za Musonoi zinabeba majina ya Guillemin, Demesmaeker, Marthoz na Derriks. Watatu wa mwisho walikuwa watu wa kampuni ya Union Minière. Mchimbaji aliyezitoa shimoni hayumo. Siku hizi hali ni nafuu. Mwaka 2016 salfaidi mpya ya molibdeni, risasi, vanadi na antimoni, nyuzi nyembamba za kimetali zilizojiviringisha kama mkeka, iliitwa merelaniaiti, kwa jina la Merelani yetu inayotoa tanzanaiti. Imo kabati la pili, jirani na punje za Musonoi.

Kwetu Dodoma yapo mazingira yanayofaa kutazamwa kwa jicho hili. Bahi imewahi kutafutwa urani, na urani na seleni husafiri njia moja: zote mbili huyeyuka kwenye maji yenye oksijeni, zote mbili hutua maji yanapoishiwa oksijeni. Sekenke, kaskazini-magharibi yetu mkoani Singida, ilitoa dhahabu ya sarafu zilizopigwa Tabora mwaka 1916, na mishipa ya dhahabu ya namna hiyo haikosi salfaidi.

Idara ya jiolojia ilianza kazi mwaka 1925 ikiwa na makao hapa Dodoma, chini ya Edmund Teale, na mrithi wake ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Chombo cha kupima punje kwa miale ya elektroni kilibuniwa Ufaransa na Raimond Castaing, aliyekieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1951. Kwa hiyo jiwe lolote lililokusanywa kwenye uwanda huu katika miaka ile ishirini na sita ya mwanzo liliandikiwa lebo kwa jicho, kwa hadubini na kwa chupa za asidi. Lebo ikisema pairaiti, aliyeiandika hakukosea. Aliandika alichoweza kukiona.