Kuwait, Nchi Isiyo na Mto

Watoto wakikuuliza habari za nchi za Waarabu zenye mafuta, utawaambia nini? Soma hapa habari za nchi moja kati ya hizo. Jina lake ni Kuwait.

Kuwait iko Bara Arabu. Imepakana na Iraki, Saudi Arabia na bahari. Ni nchi ndogo. Mkoa wa Tanga ni mkubwa kuliko Kuwait. Karibu nchi yote ni jangwa. Haina mto hata mmoja. Mvua ni chache, na siku za joto kali hupita nyuzi 50.

Maisha ya zamani

Zamani watu wa Kuwait walitegemea bahari. Wengi walizamia lulu. Mzamiaji alibana pua, akashuka chini kwa uzito wa jiwe, akaokota chaza. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Tena wazamiaji wengi walikuwa na madeni kwa nahodha, mwaka hata mwaka.

Wengine walisafiri kwa majahazi. Upepo wa kaskazi uliwaleta Lamu, Mombasa, Zanzibar na Rufiji. Walileta tende. Upepo wa kusi ulipovuma walirudi kwao na boriti za mikoko. Kwao hakuna miti ya kujengea. Boriti za mwambao wetu zilibeba mapaa ya nyumba zao.

Hata maji ya kunywa yaliletwa kwa majahazi kutoka mto wa Shatt al-Arab, huko Iraki.

Mafuta yanapatikana

Wajapani walipata njia ya kufuga chaza ili watoe lulu. Lulu hizo ziliuzwa kwa bei ndogo. Katika miaka ya 1930 biashara ya lulu ya Kuwait ilianguka, na familia nyingi zikapata shida.

Mwaka 1938 mafuta yaligunduliwa mahali paitwapo Burgan. Mwaka 1946 yalianza kuuzwa nje. Mwaka 1961 Kuwait iliacha kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, ikawa huru. Fedha za mafuta zilijenga shule, hospitali na barabara. Zilijenga pia mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Mpaka leo watu hunywa maji hayo.

Faida ya akiba

Mafuta si kama mahindi. Ukivuna mahindi, utapanda tena. Mafuta yakichotwa, hayarudi. Kwa hiyo mwaka 1953 Kuwait ilianza kuweka akiba nchi za nje. Mwaka 1976 ilianzisha akiba nyingine kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Agosti 1990 majeshi ya Iraki yaliivamia Kuwait. Yalipofukuzwa mwaka 1991, yalichoma moto visima vya mafuta zaidi ya 600. Moto wa mwisho ulizimwa Novemba mwaka huo. Katika shida hiyo, akiba iliwasaidia wananchi na kuijenga nchi upya.

Hata hivyo, Kuwait bado inategemea mafuta. Mitambo ya maji nayo huendeshwa kwa mafuta na gesi. Waeleze watoto jambo hili: nchi inayotegemea kitu kimoja haina budi kuweka akiba mapema.

Maswali

1. Kwa nini biashara ya lulu ilianguka?
2. Majahazi ya Kuwait yalichukua nini kutoka mwambao wetu?
3. Kijiji chako kinategemea zao gani? Zao hilo likikosa bei, mtafanya nini?