Je, Wajua? Kabla Taa Haijawaka Likoni

Je, wajua kwamba stima ya Mombasa ilianza na mashine ya mtumba? Historia ya Kenya Power yasimulia kuwa Sultani Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta mwaka 1875 ili kuangazia kasri lake na njia za jirani. Mwaka 1908 tajiri wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua, na kisiwa kikapata kampuni yake ya stima. Mwaka 1922 ikaungana na ya Nairobi.

Je, wajua kwamba ukiombea duka lako jipya stima, jirani naye yumo kwenye fomu? Mbali na cheti cha biashara, PIN ya KRA na ramani ya kuchora kwa mkono, huulizwa nambari ya mita iliyo karibu. Hiyo ndiyo huwaonyesha wapimaji laini ilipo. Ukihamia Timbwani, huku Likoni, basi, anza kwa salamu. Nguzo ikibidi kusimama uani kwake, utahitaji idhini yake pia. Na Mombasa tuna ile "nyumba bila ardhi": nyumba ya huyu, kiwanja cha yule. Ulizia mapema nani atatia sahihi.

Je, wajua zile volti 415 za fezi tatu zinatoka wapi? Kati ya waya mmoja wa moto na nyutro ni volti 240. Moto kwa moto, kwenye fezi tatu, ni 415. Kinyozi na mwenye duka fezi moja yawatosha. Mashine ya kusaga unga ni habari nyingine: mota ya nguvu za farasi 15 ni kama kilowati 11, na inapoanza kuzunguka huweza kuvuta mkondo mara tano au sita ya kawaida. Ndipo taa za mtaa hufifia, na watu wakatazamana. Usipunguze nguvu za mashine kwenye fomu ili bei ya kuunganishwa ishuke. Siku ya kwanza tu itajitaja yenyewe.

Je, wajua kwamba Benki ya Dunia ililinganisha urahisi wa kupata stima katika nchi mbalimbali kwa kutumia bohari ya kubuni inayohitaji kVA 140? Ripoti yake ya 2017 iliisifu Kenya kwa kutumia ramani za kompyuta badala ya kumtuma mtu kukagua kiwanja. Lakini bohari ya kubuni haina jirani.

Je, wajua kwamba fundi wa waya lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na ndiye anayetia sahihi cheti cha kazi? Mwangalie anapopigilia fimbo ya athi. Penye mwamba wa matumbawe, futi ya kwanza huingia, ya pili nyundo inaruka. Asikwambie imetosha; mwambie apime ukinzani wake.

Na mita, hata ikifungwa ukutani kwako, ni mali ya kampuni ya stima. Chako chaanzia kwenye waya unaotoka hapo kuingia ndani.