Poda ni ya Kijiji Kizima: Mwaka wa Wanafunzi Wetu wa Sekondari



Matokeo ya Mtihani wa Taifa yanapotoka, hapa Nyarugusu hata asiye na simu anajua. Unasikia vigelegele kijiji cha pili, watoto wanakimbia, halafu unaona kijana anapita mweupe kuanzia nywele mpaka mabega. Kamwagiwa poda. Ni desturi ya kwetu Kongo, tuliivuka nayo ziwa: mwanafunzi akishinda, watu wa kwao wanamwagia poda, wanaimba, wanamzungusha mtaani.

Poda ile ni ya siku moja tu. Nyuma yake kuna mwaka mzima. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuwaandikie juu ya mwaka huo: wanafunzi wetu wa sekondari walifanya nini darasani, walifanya nini mtaani, na sisi wazazi tulifanya nini. Hili la tatu ni gumu kidogo, lakini tutalisema.

SHULE ILIYOVUKA ZIWA

Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996, wakati vita ilipotukimbiza Kivu ya Kusini tukavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Shule zilianza mapema, na watoto wa Kongo wakafuata programu ya Kongo. Wengine wanauliza, kwa nini tusisome ya Tanzania, maana ndiko tuliko? Hesabu ya wazee ilikuwa hii: siku ya kurudi, mtoto asianze upya. Na kweli, waliorudi Fizi na Uvira miaka ile ya 2000 waliingia darasani huko na buletini zao mkononi. Ndugu zetu wa Lugufu nao, kambi yao ilipofungwa mwaka 2009 wakaletwa hapa, waliendelea na masomo yaleyale.

Mwisho wa njia hiyo ni Mtihani wa Taifa, ulioanzishwa Kongo mwaka 1967. Kwanza kuna insha kubwa ya Kifaransa, kisha zinakuja siku nne za maswali: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya tawi ambalo mwanafunzi amelichagua, iwe pedagojia, bio-kemia, biashara au jingine. Asiyefikisha asilimia 50 ameanguka.

Sasa fikiria mtoto wetu. Nyumbani anasema Kibembe au Kifuliru. Akitoka mlangoni ni Kiswahili. Akiingia darasani ni Kifaransa. Na vijana Watanzania wa rika lake, hapo nje ya kambi, wanasoma sekondari yao kwa Kiingereza. Mtoto anayeandika insha ya Kifaransa ya kurasa kadhaa kwa jasho lake mwenyewe, huyo tusimwite mvivu.

DARASANI

Mwaka ulianza Septemba, vumbi jekundu likiwa bado juu. Vitabu havikutosha, kama kawaida. Mwalimu aliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, na daftari ndilo likawa kitabu. Mvua ziliposhika, kuna saa mwalimu alinyamaza tu, maana bati lilipiga kelele kuliko yeye. Wanafunzi wa nyuma walisogea mbele, wakabanana, somo likaendelea.

Jambo jema tuliloliona ni vikundi. Wanafunzi wa mwaka wa sita walijigawa watu watano watano. Mmoja anayejua hesabu anaeleza, kesho yake anayejua Kifaransa anaeleza. Daftari moja zuri lilitembea nyumba tano. Wenye taa ya jua waliwaita wasio nayo. Hakuna mtu aliyewalipa, wala hakuna aliyewaamuru. Walijua tu kwamba mtihani ule ukimkuta mtu peke yake, unamla.

MTAANI

Wengi wetu tunafikiri mwanafunzi anaanza kusaidia jamii siku atakapopata kazi. Si kweli. Wamekwisha kuanza, ila hatuhesabu.

Wale wa pedagojia wanapelekwa kufanya staji katika shule za msingi, ni sehemu ya masomo yao. Kwa hiyo yule kijana unayemwona akiandaa somo usiku, akichora ramani kwenye karatasi ya boksi, kesho yake anasimama mbele ya mwanao mdogo. Wengine, staji ikiisha, walibaki na watoto wa jirani jioni chini ya mwembe, wakiwafundisha kusoma. Ukitaka kujua walimu wa kesho watatoka wapi, wako hapo. Huko kwetu diploma ya Taifa ya pedagojia ndiyo inayomfungulia mtu mlango wa kufundisha shule ya msingi.

Wale wa bio-kemia walikuwa na kazi yao msimu wa mvua, tumbo za watoto zilipoanza kusumbua. Walipita nyumba kwa nyumba wakionyesha akina mama maji ya chumvi na sukari. Tunayarudia hapa, mkate kipande hiki mkakiweke: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kilima. Koroga vizuri, mpe mtoto kidogo kidogo. Usizidishe chumvi. Na kama anaendelea kulegea, au kuna damu, usingoje, kimbia naye kituo cha afya.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana kabisa. Bibi anapata karatasi ya miadi, au barua ya ofisi, au maagizo ya dawa. Hajui kusoma, au anasoma Kiswahili na karatasi ni ya Kiingereza. Anamwita nani? Mwanafunzi. Kijana anasoma siri ya nyumba nzima, ugonjwa wa mtu, habari za safari ya mtu, halafu anatoka hapo na kunyamaza. Tunawajua vijana wa namna hiyo katika kila kijiji. Mdomo wao uliofungwa nao ni elimu, na haiandikwi kwenye buletini.

Na mwezi wa Juni waliandaa michezo na maigizo. Tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakikataa kufundishwa kwa lugha ya wakandamizaji wao. Tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 2001. Wa mwaka wa sita walikuwa na mtihani kichwani, lakini hata hivyo walikuja kuwasahihisha wadogo zao kwenye maigizo.

TUSEME UKWELI, WAZAZI

Hapa nitaacha kusema "sisi", niseme "mimi".

Nina binti ambaye mwaka huu alikuwa wa sita. Buletini ya nusu ya kwanza ilipotoka, alikuwa ameanguka hesabu, na Kifaransa kiliponea chupuchupu. Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kesho yake Prefe akaniita. Nikaenda nikiwa nimejiandaa kusikia mabaya ya mtoto. Badala yake akafungua daftari la mahudhurio, akanigeuzia, akaniambia nihesabu mwenyewe.

Siku kumi na tisa. Binti yangu alikosa shule siku kumi na tisa. Nikaanza kuzikumbuka moja moja. Siku za posho, nilimwacha alinde nyumba. Mke wangu alipojifungua, ni yeye aliyepika na kufua wiki nzima. Siku ambazo bomba lilichelewa, alikaa foleni na ndoo mpaka saa nne. Siku ya kuni. Hakuna hata siku moja aliyotoroka. Zote kumi na tisa nilimtuma mimi.

Na kaka yake, wa mwaka wa tatu? Yeye alikosa siku mbili, zote za malaria.

Nilirudi nyumbani bila kusema kitu. Jioni tukakaa. Tukapanga hivi: kijana achukue ndoo alfajiri kabla ya shule, na akikuta foleni ndefu, mimi nimpokee. Siku ya posho jirani yetu, mama mmoja mjane, akakubali kukaa na mtoto mchanga, na sisi siku yake ya posho tukakaa na wajukuu wake. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa tatu, binti asitumwe. Hata chumvi ikiisha, atatumwa mwingine.

Wiki ya kwanza kijana wangu alichekwa bombani, eti amekuwa msichana. Aliniambia hataki tena. Nikaenda naye, nikabeba ndoo mwenyewe, mzee mzima. Wakacheka wote wawili, mimi na yeye. Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka, na kulikuwa na wavulana wengine wanne kwenye foleni.

Siandiki haya ili nisifiwe. Nimeyaandika kwa sababu ukiingia darasa la kwanza la sekondari utakuta wasichana wengi, na ukiingia la sita utakuta mabenchi yao yamepungua. Wengine wameolewa mapema, wengine wamepata mimba. Lakini wengine walianza kupotea hivihivi, siku moja ya posho, siku moja ya kuni, mpaka wakaona aibu kurudi.

BAADA YA DIPLOMA

Vijana wanauliza: tukishinda, halafu? Ni swali la haki, na tusiwadanganye. Mwaka 2019 UNHCR ilitangaza kwamba katika wakimbizi mia wa umri wa chuo duniani, watatu tu ndio walikuwa wanasoma elimu ya juu. Baadaye ikatangaza saba. Lengo lililowekwa ni kumi na watano ifikapo mwaka 2030. Mlango ni mwembamba, lakini unapanuka.

Nafasi za DAFI, zilizoanza mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani, zimesomesha wakimbizi wengi vyuoni. Anayetaka kusoma chuo cha Tanzania ajue kwamba cheti cha Kongo kinahitaji kulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa hiyo hifadhini vyeti na buletini zote mahali pakavu, mtoe na nakala. Na Kiingereza anzeni sasa, msingoje diploma.

Mfano hauko mbali. Abdullahi Mire, Msomali, alikulia katika kambi za Dadaab, Kenya. Alisoma, akapata nafasi ya kuhamia Norway, lakini akarudi.   Akaanza kukusanya vitabu na kuvipeleka kambini, mpaka vikafika 100,000. Mwaka 2023 akapewa Tuzo ya Nansen, ambayo UNHCR huwapa watu waliowatumikia wakimbizi. Alianza kama watoto wetu, kambini.

Na walioanguka? Tafadhali tusiwacheke. Mtihani wa Taifa unarudiwa, na hata aliyeacha darasa anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa anayejisomea. Yule aliyepata asilimia 48 alifundisha watoto wetu jioni sawasawa na yule wa 52.

KABLA YA SEPTEMBA

Tunawaomba wazazi mambo manne tu. Kaeni na watoto mgawane kazi, wavulana kwa wasichana. Tafuteni jirani wa kubadilishana naye siku za posho. Mpeni mwanafunzi saa mbili za jioni bila kumtuma. Na nendeni shuleni kuuliza mahudhurio kabla buletini haijatoka, si baada.

Matokeo yalipokuja, binti yangu alikuwa na asilimia 56. Si nyingi, lakini ni zake. Mama yule mjane ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wenzake wakammwagia poda mpaka macho yakafunga. Alipojipangusa akachukua kopo, nikadhani anaenda kuliweka ndani. Akaenda akammwagia kaka yake, akammwagia yule mama, kisha akanifuata mimi. Nilikimbia lakini alinipata.

Tukutane mwezi ujao. Amani nyumbani kwenu.