Kidingapopo na Kumbukumbu ya Mwili: Damu ya Mtu Mzima wa Kitengela Inakumbuka Nini?

Mji wa Kitengela, ulio kando ya barabara iendayo Namanga katika Kaunti ya Kajiado, ni mji wa wahamiaji. Katika ploti moja huweza kukutwa fundi aliyezaliwa Kisumu, mwalimu aliyefundisha Mombasa miaka mingi, na kijana wa Kimaasai ambaye babu zake walichunga ng'ombe katika uwanda huohuo. Wote huchota maji kwenye tangi moja, na mbu wakizuka wote huumwa. Hata hivyo, damu zao hazikumbuki mambo yaleyale. Makala haya yanakusudia kueleza kumbukumbu hiyo kuhusiana na homa ya dengue, ambayo kamusi zetu huiita kidingapopo.

Kwa kuwa msomaji wa jarida hili ni mpenzi wa lugha, tuanze na jina. Mwaka 1872 daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha maelezo ya maradhi yaliyokuwa yameingia kisiwani humo mwaka 1870. Wenyeji waliyaita kidinga pepo, na wazee walishikilia kwamba waliwahi kuyaona mnamo mwaka 1823. Wapo wanaodai kwamba neno dengue lenyewe limetokana na jina hilo la Kiswahili, likavuka bahari hadi visiwa vya Karibi. Dai hilo linatupendeza, ila halijathibitishwa. Isitoshe, baadhi ya wataalamu wa karne ya 20 waliyasoma upya maelezo ya Christie wakaona kwamba maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu yanafanana zaidi na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, na ambao jina lake ni la Kimakonde. Yaani wazee wa Unguja walikumbuka, na jina walilitaja, lakini huenda lililetwa kwetu kwa ugonjwa mwingine. Damu nayo, kama tutakavyoona, huweza kukosea vivyo hivyo.

Kirusi cha dengue huingizwa mwilini na mbu jike wa aina ya Aedes aegypti, ambaye huuma mchana na hutaga katika maji yaliyotulia vyomboni. Mtu akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mwili huchukua siku kadhaa kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazokishika kirusi na kukizuia kisipenye ndani ya seli. (Waandishi wengine hulitumia neno kingamwili kwa mfumo mzima wa kinga. Mimi nalitumia kwa protini hizo tu, na ingefaa wanaistilahi wetu wakate shauri.) Kirusi kikishatokomezwa, seli nyingi zilizopigana hufa. Chache husalia. Baadhi yake hukaa katika uboho wa mifupa zikiendelea kutoa kingamwili kwa miaka mingi, na nyingine huzunguka kimya zikingoja adui yuleyule arejee. Hizo za pili ndizo seli kumbukumbu.

Ikumbukwe kwamba si lazima mtu augue ndipo apate kumbukumbu hiyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba duniani hutokea maambukizi milioni 390 kwa mwaka, na ni milioni 96 tu yanayodhihirisha dalili. Mtu mzima mwenye afya njema, ambaye hajawahi kulazwa hata siku moja, huenda anabeba kumbukumbu ya ugonjwa asioujua.

Je, kumbukumbu hiyo ni ngao? Ni ngao kwa upande mmoja. Dengue ina aina nne za virusi. Aliyeambukizwa aina ya kwanza hujengewa kinga ya muda mrefu, pengine ya maisha, dhidi ya aina hiyo. Dhidi ya zile tatu nyingine, Albert Sabin alibaini katika majaribio ya miaka ya 1940 kwamba kinga hudumu miezi michache tu. Baada ya hapo hali huweza kugeuka. Kingamwili za zamani huitambua aina mpya kwa kuwa inafanana na ile ya kwanza. Huishika, lakini hushindwa kuinyima nguvu. Nazo seli zenye kazi ya kumeza kila kilichoshikwa na kingamwili hukimeza kirusi kikiwa kizima, nacho huzaliana humo humo. Mlinzi amemfungulia mwizi mlango akidhani amemkamata.

Ushahidi mzito ulitoka Cuba. Kisiwa hicho kilipatwa na mlipuko wa aina ya kwanza mwaka 1977. Miaka 20 baadaye, mwaka 1997, aina ya pili ilizuka katika mji wa Santiago de Cuba, na waliougua vibaya walikuwa watu wazima, karibu wote wakiwa wanaambukizwa kwa mara ya pili. Watoto waliozaliwa baada ya mlipuko wa kwanza hawakuwa na la kukumbuka, wakanusurika.

Turudi kwetu. Mlipuko wa kwanza kuthibitishwa nchini Kenya ulitokea pwani, Malindi na Kilifi, mwaka 1982, nao ulikuwa wa aina ya pili. Kati ya 2011 na 2014 aina tatu zilitambuliwa nchini, Mandera na Mombasa zikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Mombasa mwaka 2013 uliwapima watu 1,500, na 210 kati yao walionyesha maambukizi ya wakati huo au ya karibuni. Waliosema kwamba walikuwa wamepewa jina la ugonjwa wao na mhudumu wa afya walikuwa 32. Wote isipokuwa mmoja waliambiwa ni malaria.

Idadi hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mwalimu wetu wa Kitengela, iwapo alikuwa Mombasa mwaka huo, huenda anaamini hadi leo kwamba aliugua malaria, ilhali damu yake yajua vingine. Mbu wa Aedes aegypti amekwisha kupatikana Nairobi, na Kitengela ni mji wa mapipa na matangi kwa sababu ya uhaba wa maji. Aina nyingine ya kirusi ikifika huko, jirani zake wasio na kumbukumbu wataambukizwa kwa mara ya kwanza, naye kwa mara ya pili. Akipatwa na homa, kisha homa ikashuka huku tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, asidhani amepona. Aende hospitali upesi. Aspirini na ibuprofeni aziepuke, kwani huzidisha hatari ya kuvuja damu.

Si haki, hata hivyo, kuilaumu kumbukumbu yote. Zipo pia seli T, ambazo huziua seli zilizokwisha kuvamiwa. Hizi huzitambua zaidi protini za kirusi ambazo hazitofautiani sana baina ya aina zote nne. Daniela Weiskopf na wenzake walichunguza damu ya watu wazima wenye afya waliojitolea damu nchini Sri Lanka, na matokeo yao ya mwaka 2013 yaliashiria kwamba seli T zenye mwitikio imara huandamana na kinga, wala si madhara.

Suala la kumbukumbu liliwahi kuugharimu ulimwengu. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuwachanja watoto chanjo ya Dengvaxia, na zaidi ya 800,000 walichanjwa. Novemba 2017 mtengenezaji, Sanofi, alitangaza kwamba wale ambao hawakuwahi kuambukizwa wangeweza kuugua vibaya zaidi wakiambukizwa baadaye, kwa kuwa chanjo ilikuwa imewapa kumbukumbu ya kwanza. Tangu hapo ikalazimu mtu apimwe damu kabla ya kuchanjwa, na kipimo nacho huweza kuichanganya dengue na jamaa zake kama homa ya manjano na Zika. Chanjo nyingine, TAK-003, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Mei 2024. Shirika hilo limeipendekeza kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 wanaoishi mahali penye maambukizi mengi. Mwalimu wa Kitengela hamo katika pendekezo hilo.